Kutoka San Pédro hadi Ebimpé: nani ana ruhusa ya kusema uwanjani

Ijumaa, Januari 19, 2024. Abidjan

Tumetua Ivory Coast mchana. Bado tuko kwenye foleni ya pasipoti, simu zikaanza kuita mfululizo: CAF, shirikisho la soka la Afrika, imemfungia kocha wetu, Adel Amrouche, mechi nane pamoja na faini ya dola 10,000. Hakumgusa mwamuzi wala hakupanga matokeo. Alisema kwenye mahojiano kwamba Morocco ina mkono mrefu ndani ya CAF, kiasi cha kujichagulia waamuzi na saa za kucheza. Shirikisho la Morocco likamshtaki. Jioni shirikisho letu, TFF, nalo likamsimamisha, na Taifa Stars sasa iko chini ya Hemed Suleiman "Morocco" akisaidiana na Juma Mgunda.

Hakuweka ushahidi mezani, na kwa hilo simtetei. Ila mechi nane kwa sababu ya maneno ni adhabu nzito, na nimeingia mjini nikiwa na swali ambalo nadhani nitatembea nalo safari nzima: kwenye mashindano haya ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, nani ana ruhusa ya kusema, na kusema nini?

Wanasiasa wenyewe hawahitaji kusema neno. Majina yao yamekwisha kuandikwa. Uwanja wa ndege ni Félix Houphouët-Boigny, rais wa kwanza. Ukivuka maji ya wangwa kuingia Plateau, daraja ni lake pia. Daraja jingine ni Henri Konan Bédié, rais wa pili. Lile jipya la Cocody, lililofunguliwa Agosti iliyopita, ni Alassane Ouattara, rais aliyepo madarakani. Viwanja sita vya AFCON navyo ni hivyo hivyo: Ouattara kule Ebimpé, nje kidogo ya Abidjan, Houphouët-Boigny hapa Plateau, Charles Konan Banny Yamoussoukro, Amadou Gon Coulibaly Korhogo. Hao wawili wa mwisho waliwahi kuwa mawaziri wakuu. Cha Bouaké kinaitwa Uwanja wa Amani. Mwanasoka ni mmoja tu, Laurent Pokou wa San Pédro, aliyeifunga Ethiopia mabao matano katika mechi moja ya AFCON mwaka 1970.

Kwetu hali si tofauti. Tuna Mkapa Dar es Salaam, Sokoine Mbeya, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Kambarage Shinyanga. Na viwanja vingi vilivyojengwa kwa michango ya wananchi enzi za chama kimoja hadi leo ni mali ya CCM. Mtanzania hana haki ya kushangaa hapa. Ana haki ya kuangalia kwa makini, kwa sababu mwaka 2027 mashindano haya yanakuja kwetu, Kenya na Uganda.

Jumamosi, Januari 20. Barabara ya pwani

Basi limepita Grand-Lahou na Sassandra. Barabara imetengenezwa upya kwa ajili ya mashindano, nasi tumeteleza bila tabu. Serikali imetumia zaidi ya dola bilioni moja kwa viwanja, barabara na mengineyo.

Kiti cha pembeni yangu ameketi kaka mmoja mzaliwa wa Goma, mashariki mwa Congo, sasa anaishi Ubelgiji. Alinisikia nikiongea na simu, akageuka: "Ndugu, unatoka Tanzania? Basi leo tutaongea Kiswahili mpaka kinywa kichoke." Tumeongea kweli. Saa hizo hizo Kinshasa walikuwa wakimwapisha Félix Tshisekedi kwa muhula wa pili, na sherehe ilifanyika katika uwanja wa mpira, Stade des Martyrs. Kaka akanieleza mashahidi hao ni akina nani: ni wanasiasa wanne, Évariste Kimba akiwemo, walionyongwa hadharani na Mobutu mwaka 1966. Kwa miaka ya mwanzo uwanja uliitwa Kamanyola. Jina la mashahidi lilikuja Mobutu alipoanguka mwaka 1997. Hata timu ya taifa ilibadilishwa jina baada ya Mobutu, kutoka Chui kuwa Simba, kisha wakarudi kwenye Chui.

Kwenye begi kaka ana bango lililokunjwa. Limeandikwa kwa Kifaransa maneno machache kuhusu wanaouawa mashariki mwa Congo. "Hili lazima lionekane na dunia," akasema, akalirudisha taratibu.

Jumapili, Januari 21. San Pédro

Congo wametoka sare ya 1-1 na Morocco, kisha tukaingia sisi na Zambia. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi, na tukaulinda ushindi hadi dakika ya 88 Patson Daka alipopiga kichwa. Ni pointi yetu ya kwanza AFCON tangu 1980, mwaka ambao tulitoka sare na Ivory Coast hii hii. Nilipaswa kufurahi. Sikuweza.

Jumatatu, Januari 22. Gagnoa

Kutoka San Pédro kwenda kaskazini unapita katikati ya kakao. Nchi hii ndiyo inayoongoza duniani kwa zao hilo. Jioni tumesimama Gagnoa, nyumbani kwa Laurent Gbagbo, rais aliyekataa kushindwa uchaguzi wa 2010. Watu zaidi ya 3,000 walikufa kabla hajakamatwa Aprili 11, 2011. Mahakama ya ICC ilimwachia huru, akarejea nchini 2021.

Tumeketi kwenye mgahawa wa wazi, sahani za atieke, chakula cha mihogo, na samaki wa kukaanga mbele yetu, runinga imewekwa juu ya kreti. Wenyeji wanacheza na Guinea ya Ikweta. Bao la kwanza watu walilalamika. La pili walipiga kelele. Baada ya la tatu na la nne hakuna aliyezungumzia tena mpira. Walizungumza juu ya serikali. Mzee mmoja alisema, na jirani yangu akanitafsiria, kwamba fedha za viwanja zingejenga hospitali. Kijana akamjibu kwamba angesema hayo juzi, timu iliposhinda mechi ya ufunguzi. Wakabishana kwa ukali hadi mwenye mgahawa akaingia kati. Habari zinasema huko Ebimpé mashabiki wamevunja vioo vya magari.

Nimeelewa zaidi kwa nini serikali hapa inaogopa kufungwa. Septemba iliyopita mvua ilifurika kwenye uwanja huo huo wa Ebimpé, mechi ya kirafiki na Mali ikakatishwa nusu. Mwezi uliofuata serikali ya Patrick Achi ilivunjwa, na waziri mkuu mpya, Robert Beugré Mambé, akachukua na wizara ya michezo mikononi mwake. Waziri mkuu kusimamia nyasi! Mpira ukiwa na uzito huo Ikulu, matokeo hayawezi kubaki matokeo tu.

Jumanne, Januari 23. Yamoussoukro

Kijiji alichozaliwa Houphouët-Boigny kilifanywa mji mkuu mwaka 1983, na basilika yake kubwa ilitabarukiwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1990. Nimeipita haraka. Nilichokuja kukitafuta hapa ni kisa cha 2000. Jenerali Robert Guéï alikuwa ametwaa madaraka mkesha wa Krismasi ya 1999. Wiki chache baadaye timu ikatolewa mapema AFCON, na wachezaji walipokuwa wakirudi kutoka Ghana, ndege yao haikutua Abidjan. Ilipelekwa Yamoussoukro, wakafungiwa kambi ya jeshi kwa siku kadhaa wakifundishwa uzalendo. Nimewauliza vijana wawili nje ya uwanja wa Konan Banny kama wanakijua. Mmoja alikijua vizuri. Baba yake alimsimulia.

Huyu Banny mwenyewe, aliyefariki 2021, ndiye aliyeongoza Tume ya Mazungumzo, Ukweli na Maridhiano baada ya vita vya 2011. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Didier Drogba. Hilo nimelibeba kwenda nalo Bouaké.

Jumatano, Januari 24. Korhogo

Kaskazini ni nchi nyingine. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa Sahara, limefunika jua, midomo inapasuka. Uwanja una viti 20,000 na jina la Gon Coulibaly, mwana wa mji huu, aliyekuwa ameteuliwa kugombea urais kwa chama tawala. Alifariki Julai 2020, na Ouattara akagombea mwenyewe muhula wa tatu huku wapinzani wakisusia.

Saa mbili usiku, Tanzania na Congo. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: tukishinda tunasonga mbele. Jukwaani Kiswahili kimetawala pande zote mbili, chetu cha kukaza na chao cha kulegea, na matusi ya mpira yalieleweka bila mkalimani. Nadhani kwa wachezaji pia ilikuwa hivyo.

Jambo la ajabu ni kwamba wenyeji waliotuzunguka hawakuwa wanatutazama. Macho yao yalikuwa kwenye simu, San Pédro, ambako Morocco ilikuwa ikicheza na Zambia. Timu yao ilikuwa imekaa na pointi tatu ikisubiri huruma ya wengine: Zambia ikifungwa, wao wanapita kama mmoja wa washindi wa tatu bora. Kocha wao, Jean-Louis Gasset, ameondoka leo hii, na msaidizi wake Emerse Faé amekabidhiwa timu. Dakika ya 37 Hakim Ziyech akaifungia Morocco, na Korhogo nzima ikalipuka kwa bao lililofungwa mwisho mwingine wa nchi. Kwetu hakuna bao lililoingia. Sare ya 0-0, Congo wamepita, Stars tunarudi nyumbani na pointi mbili.

Kaka wa Goma alinikumbatia kwa muda mrefu. Alikuwa analia, nami nikadhani ni furaha. Kisha akanionyesha ujumbe kutoka kwa dada yake: milio ya silaha nzito imeanza tena upande wa Masisi, karibu na Goma. "Tumepita, lakini kule batu banakufa," akasema.

Usiku huu nimeamua nitabaki hadi fainali.

Ijumaa, Januari 26. Bouaké

Nitakaa kidogo kwenye ukurasa huu.

Septemba 19, 2002 askari waliasi, na nchi ikagawanyika. Bouaké ukawa mji mkuu wa waasi walioongozwa na Guillaume Soro. Serikali ya Gbagbo ikabaki kusini. Chanzo kilikuwa swali la nani ni raia halisi, swali lililokuwa limemzuia Ouattara kugombea urais kwa miaka, na lililomfanya kila mwenye jina la kaskazini atazamwe kama mgeni katika nchi yake.

Oktoba 8, 2005 timu ya taifa ilikuwa Omdurman, Sudan. Walishinda 3-1, na Cameroon, waliohitaji ushindi, wakakosa penalti ya dakika za mwisho dhidi ya Misri huko Yaoundé. Ivory Coast wakafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kwenye vyumba vya kubadilishia nguo Drogba akachukua kipaza sauti, wenzake wakiwa wamemzunguka, akawaambia wananchi wa kaskazini, kusini, kati na magharibi kwamba timu hii imeonyesha kuwa wanaweza kuishi na kucheza pamoja. Akapiga magoti, wote wakapiga magoti, wakaomba silaha ziwekwe chini na uchaguzi ufanyike. Ukoo wa Drogba unatoka upande wa Gagnoa, kabila moja na Gbagbo. Kolo na Yaya Touré wamezaliwa hapa hapa Bouaké. Ndiyo maana magoti yale yalikuwa na nguvu: waliopiga walikuwa watoto wa pande zote za vita.

Makubaliano ya Ouagadougou yalitiwa saini Machi 4, 2007, Soro akawa waziri mkuu. Mwezi huo Drogba alileta Bouaké tuzo yake ya mchezaji bora wa Afrika, akaomba mechi ijayo ya kufuzu ichezwe ngome ya waasi. Juni 3, 2007 ikachezwa. Askari wa pande zote mbili walikuwa uwanjani, Madagascar wakafungwa 5-0, na bao la mwisho likawa lake. Julai 30 Gbagbo mwenyewe akafika Bouaké, silaha zikachomwa moto hadharani.

Huku kwetu kisa hiki husimuliwa kana kwamba Drogba alisimamisha vita kwa dakika moja. Leo nimekaa nje ya Uwanja wa Amani na mama anayeuza ndizi za kukaanga, ambaye siku ile ya 2007 aliuza hapo hapo. Anasema hakuwahi kuona watu wengi hivyo bila hofu. Anasema pia kwamba ndugu yake aliuawa 2011, baada ya magoti, baada ya mabao matano, baada ya silaha kuchomwa. Hakulisema kwa kumlaumu Drogba. Anampenda. Alitaka tu nisiandike nusu.

Kwa hiyo naandika yote. Ombi lile halikumaliza vita. Mazungumzo ya miezi mingi ndiyo yaliyofanya kazi, na hata hayo yalivunjika uchaguzi ulipokuja. Lakini liliwapa watu wa kawaida kauli waliyokuwa wameikosa, kutoka kwa mtu ambaye hakuna upande uliothubutu kumnyamazisha. Na lilikubalika kwa sababu halikumtaja mkosaji. Kila kiongozi angeweza kulipigia makofi. Mwaka 2022 Drogba huyo huyo aligombea urais wa shirikisho la soka la nchi yake, akatolewa raundi ya kwanza.

Na Omdurman, palipopigwa magoti, leo ni uwanja wa vita vya Sudan.

Jumamosi, Februari 3. Bouaké tena

Nilikuwa Yamoussoukro Jumatatu, wenyeji walipowatoa mabingwa watetezi Senegal kwa matuta. Leo wamewatoa Mali 2-1 wakiwa kumi, bao la kusawazisha dakika ya 90 na la ushindi mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Kwenye mitaa iliyokuwa ngome ya waasi nimeona bendera za chungwa, nyeupe na kijani zimefungwa pamoja na bendera za Morocco, shukrani kwa lile bao la Ziyech.

Congo nao wamepita, jana, kwa kuwafunga Guinea 3-1. Kaka amenipigia simu akiwa na hasira. Anasema mashabiki waliinua mabango kuhusu vita, ila nyumbani walioangalia runinga hawakuyaona, kamera zilihama. Wakongo wengi wanalalamika hivyo hivyo mitandaoni.

Jumatano, Februari 7. Ebimpé

Nusu fainali, Ivory Coast na Congo. Tumefika mapema kwa sababu foleni ya kwenda Anyama haina huruma. Mlangoni walinzi walifungua begi la kaka, wakalikunjua bango, wakasoma, wakaliweka kando. Hakuna ujumbe wa kisiasa, wakasema. Juu ya vichwa vyao, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina la rais wa nchi. Kaka hakubishana. Nilitaka kubishana mimi, akanishika mkono.

Kisha zikaja nyimbo za taifa. Wachezaji wa Congo walisimama mstari mmoja, vitambaa vyeusi mikononi. Wimbo wao ulipoanza, kila mmoja akaziba mdomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaelekeza vidole viwili pembeni mwa kichwa, mfano wa bastola. Kwenye benchi kocha Sébastien Desabre, Mfaransa, alifanya vivyo hivyo. Safari hii kamera hazikuwa na pa kuhamia. Wimbo wa taifa lazima uonyeshwe, na nyuso za wachezaji ndizo zinazoonyeshwa.

Nilimtazama kaka. Naye alikuwa ameziba mdomo.

Wiki hii hii kundi la waasi la M23 linapigana kuelekea Sake, kilomita 25 hivi kutoka Goma, na maelfu wanakimbilia mjini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inaliunga mkono kundi hilo, Kigali inakanusha. Siku chache kabla ya mechi Cédric Bakambu aliandika mtandaoni kwamba kila mtu anaona mauaji mashariki na kila mtu ananyamaza. Hili halifanani na ombi la 2005. Drogba aliwasemesha watu wake kuhusu vita vyao. Wakongo wanawasemesha wasikilizaji wa nje, na ishara yao ina mtuhumiwa ndani yake: anayefyatua na anayenyamaza. Ndiyo maana ni vigumu kuipigia makofi ukiwa umekaa jukwaa la wakubwa.

Nasema wazi kwamba mimi niko upande wao. Kanuni inayoondoa bango la mtu wa Goma na kuacha jina la kiongozi juu ya lango haijautenga mpira na siasa. Imechagua siasa ya nani ipite.

Mpira wenyewe ulikuwa 1-0, Sébastien Haller dakika ya 65, shuti lililodunda chini na kumpita kipa Mpasi.

Jumamosi, Februari 10. Plateau

Mshindi wa tatu. Congo wamefungwa na Afrika Kusini kwa matuta, 6-5, baada ya 0-0. Wachache jukwaani walikumbuka kwamba tangu Desemba askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania wako Kivu ya Kaskazini kwa jina la SADC, wakilisaidia jeshi la Congo dhidi ya hao hao M23. Wetu wapo. Nyumbani tunaujua mshahara wa kila mchezaji wa Simba na Yanga, na vijana hao hatuwazungumzii.

Jumapili, Februari 11. Ebimpé

Nigeria walitangulia kwa Troost-Ekong, Kessié akasawazisha, na dakika ya 81 Haller, ambaye mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya korodani, akaunyoosha mguu mbele ya beki na kufunga la pili. Ivory Coast mabingwa, 2-1. Timu iliyofungwa 4-0 kwenye nyasi hizi hizi! Nimeruka, nimepiga kelele, nimekumbatiwa na watu ambao sijui lugha yao. Dereva aliyeturudisha mjini ni Mdioula wa kaskazini, na mwenzake wa mbele alikuwa mtu wa Gagnoa. Waliimba pamoja njia nzima. Nimefurahi kuliona hilo, nikamkumbuka mama wa Bouaké.

Jumanne, Februari 13. Abidjan

Rais Ouattara amewapokea wachezaji. Kila mmoja amepewa faranga milioni 50 na nyumba ya thamani hiyo hiyo, na Faé milioni 100. Mobutu naye aliwapa nyumba na magari mabingwa wa Afrika wa 1974, na miezi michache baadaye, walipofungwa 9-0 na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia, wakapelekewa vitisho. Sisemi Ouattara ni Mobutu. Nasema zawadi ya Ikulu huwa na mwenye kuitoa, na uchaguzi hapa ni mwakani. Sisi tuna "goli la Mama", shilingi milioni tano za Rais Samia kwa kila bao la klabu zetu kwenye mashindano ya CAF, nasi hatujawahi kukaa kulijadili.

Kaka wa Goma anaondoka leo kurudi Ubelgiji. Bango lake hakurudishiwa. Ameniuliza kama Dar es Salaam, 2027, wataliacha lipite. Nimemwambia ukweli, kwamba kanuni za CAF zitakuwa zile zile na walinzi wetu watazifuata. Nimemwambia pia aandike jipya, kwa Kiswahili safari hii, na kwamba langoni kwa Mkapa tutakuwa wawili tumelishika, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Namba zetu tumeshabadilishana.